Mnyoo wa mapafu ya panya: alitoka wapi, na je, ni mmoja au ni wengi?

Mwalimu mmoja wa baiolojia ameniandikia akitaka kujua mambo matatu kuhusu mnyoo wa mapafu ya panya, ambaye kitaalamu huitwa Angiostrongylus cantonensis. Amesoma kwamba mnyoo huyu, aliyekuwa akitajwa zamani kuwa wa Asia na visiwa vya Pasifiki, siku hizi anapatikana Amerika, Afrika na hata Ulaya, na anauliza wataalamu wanawezaje kusema alitoka mahali fulani ilhali hakuna aliyemwona akisafiri. Pili, amekutana na habari za koo na haplotipu, akashindwa kuelewa iwapo tunazungumzia mnyoo mmoja au kundi la minyoo wanaofanana. Tatu, anauliza kama tofauti hizo za kinasaba zina maana yoyote kwa mtu anayeugua, au ni mambo ya watafiti wenyewe kwa wenyewe.

Mwalimu, spishi ni moja, lakini ndani yake zimo koo zilizotengana kwa muda mrefu, na spishi jirani iliyo karibu nayo sana imekuwa ikichanganywa nayo mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Asili yake ni Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki. Huko ndiko utofauti wake wa kinasaba ulikojaa, na kila alikohamia mbali alifika na sehemu ndogo tu ya utofauti huo. Kuhusu ugonjwa, nitaeleza kwa kirefu hapa chini, lakini ningependa uanze kusoma ukiwa na tahadhari moja: mtu akisikia kwamba minyoo wa mahali fulani wana utofauti mdogo wa kinasaba, huwa mwepesi wa kudhani kwamba minyoo hao ni dhaifu, na dhana hiyo haina msingi.

Utofauti wa kinasaba haueleweki bila kufuata safari ya mnyoo mwilini mwa panya, kwa sababu safari hiyo ndiyo inayoamua nani atakutana na nani na kuzaana naye. Minyoo waliokomaa huishi ndani ya ateri za mapafu, na panya akiwa na minyoo wengi, huonekana hadi kwenye chumba cha chini cha kulia cha moyo. Ukimpasua panya wa namna hiyo, ukaichana ateri kwa mkasi mdogo na kuisuuza kwa maji ya chumvi, minyoo hutoka wakiwa wamejiviringa na kushikamana. Jike ana urefu wa milimita 21 hadi 25, na dume ni mfupi zaidi, milimita 16 hadi 19. Jike hahitaji hadubini ili atambulike: utumbo wake uliojaa damu hujizungusha na mirija ya uzazi iliyo myeupe, na mwili mzima huonekana kama uzi mwekundu uliosokotwa na mweupe. Dume ni wa rangi moja. Yeye hutambulika kwa kijimfuko cha kupandia kilichoko mwisho wa mkia, ambacho mbavu zake huonekana vizuri kwa hadubini ya kawaida ya shule.

Jike hutaga mayai humo humo mshipani. Damu huyasukuma hadi kwenye kapilari za mapafu, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, yakakwama, yakaanguliwa. Lava, yaani minyoo wachanga, wa hatua ya kwanza hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, hupanda hadi kwenye koromeo, humezwa na panya na kutoka na kinyesi. Konokono au koa anayekula kinyesi hicho huwapokea lava, ambao hujivua gamba mara mbili ndani ya nyama yake na kufikia hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayoweza kumwambukiza mnyama mwenye damu moto. Panya akimla konokono huyo, lava hutoboa ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu hadi kwenye ubongo, na hukaa huko kwa wiki kadhaa wakijivua gamba mara mbili nyingine kabla ya kurudi kwenye mishipa na kushukia kwenye ateri za mapafu. Tangu panya ameze lava hadi kinyesi chake kianze kutoa lava wapya hupita wiki 6 hivi. Kamba wa maji baridi, kaa wa nchi kavu, vyura, kenge na minyoo bapa wanaokula konokono wanaweza pia kuwabeba lava wa hatua ya tatu wakiwa hai, ingawa lava hao hawaendelei kukua ndani yao.

Sasa tazama mpangilio huu unavyofanya kazi kwa upande wa vinasaba. Konokono mmoja huokota lava kutoka kwenye kinyesi cha panya wengi, na panya mmoja hula konokono wengi. Kwa hiyo ndani ya ateri ya panya mmoja wanaweza kukutana minyoo waliozaliwa na wazazi mbalimbali, na hapo ndipo mahali pekee wanapopandana. Katika eneo lenye panya na konokono wengi, uchanganyaji huu huendelea bila kikomo na utofauti hudumu. Kwa mgeni anayewasili ng'ambo mambo ni tofauti kabisa. Ni lazima afike angalau na mwenzake wa jinsia nyingine, au panya aliyembeba atoe lava kwenye kinyesi mahali ambapo kuna konokono wa kuwapokea, na konokono hao waliwe na panya wengine kabla lava hawajafa. Wanaovuka vikwazo vyote hivyo huwa wachache, na vizazi vyote vinavyofuata hurithi kile tu walichokuja nacho hao wachache.

Historia iliyoandikwa inaanzia Guangzhou, kusini mwa China, ambako Chen Hsin-Tao alimweleza mnyoo huyu mwaka 1935 baada ya kumtoa kwenye mapafu ya panya. Mwaka 1945 iliripotiwa kutoka Taiwan kwamba minyoo wachanga walionekana kwenye maji ya uti wa mgongo wa kijana mgonjwa, lakini ripoti hiyo ilichapishwa wakati wa vita na haikusomwa na wengi. Mwaka 1955 Josephine Mackerras na Dorothea Sandars, wakifanya kazi Brisbane nchini Australia, walieleza hatua za maisha ya mnyoo, pamoja na lile jambo la kushangaza kwamba hupitia ubongoni kabla ya kufika mapafuni. Hatimaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Leon Rosen na wenzake huko Hawaii walimhusisha mnyoo huyu na homa ya uti wa mgongo ya aina isiyo ya kawaida iliyokuwa ikionekana katika visiwa vya Pasifiki, ambayo maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wake hujaa seli nyeupe za damu zinazoitwa eosinofili.

Baada ya hapo orodha ya nchi ilirefuka haraka: Misri na Cuba kufikia miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, New Orleans nchini Marekani katika miaka ya 1980, wagonjwa wa kwanza wa Brazili karibu na mwaka 2007, panya wa kisiwa cha Tenerife mwaka 2010, panya wa jiji la Durban nchini Afrika Kusini karibu na wakati huo huo, kalunguyeye wa kisiwa cha Mallorca miaka michache baadaye, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 panya wa mjini Valencia, katika bara lenyewe la Ulaya. Lakini tarehe hizi zote zisomwe kwa uangalifu. Zinatuambia lini mtu aliyemjua mnyoo huyu alifungua mapafu ya panya wa mahali hapo. Hazituambii lini mnyoo aliwasili. Panya wa bandari wamekuwa wakisafiri na mashehena kwa karne nyingi, na kuna miji ambayo panya wake hawajawahi kukaguliwa hata mara moja, kwa hiyo ramani ya kuenea kwa mnyoo kwa kiasi fulani ni ramani ya maabara zilikokuwa.

Katika miaka ya 1960 Joseph Alicata, aliyekuwa akifanya kazi Hawaii, aliunganisha kuenea kwa mnyoo na kuenea kwa konokono mkubwa wa Afrika, Lissachatina fulica. Konokono huyu ni wa pwani ya Afrika Mashariki. Alifikishwa visiwa vya Bahari ya Hindi zamani, akaonekana Kolkata mwaka 1847, akaingia Hawaii mwaka 1936, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanajeshi wa Japani walimsambaza katika visiwa kadhaa vya Pasifiki kwa ajili ya chakula. Kwa kuwa konokono huyu hubeba lava wengi mno, ilionekana ni jambo la busara kudhani kwamba mnyoo naye alitoka magharibi ya Bahari ya Hindi akiwa ndani yake, na wapo waliotaja Madagaska na visiwa vya jirani kuwa ndiko kwao.

Dhana hiyo ilipingwa mapema, hata kabla ya vinasaba kuanza kusomwa, na nadhani waliopinga walikuwa na hoja nzito zaidi. Mnyoo hachagui sana konokono: spishi nyingi za konokono na koa wa nchi kavu na wa maji baridi humkuza bila shida, kwa hiyo hakuhitaji kumsubiri konokono wa Afrika. Anachokihitaji bila mbadala ni panya wa jenasi ya Rattus na jamaa zao wa karibu, na jenasi hiyo asili yake ni Asia. Panya wa kahawia na panya mweusi, wanaoishi na binadamu duniani kote, walitoka huko. Ndugu wa karibu wa mnyoo nao wako upande huo: Angiostrongylus malaysiensis huishi Asia ya Kusini-Mashariki, na Angiostrongylus mackerrasae, aliyetofautishwa rasmi mwaka 1968, huishi ndani ya panya wa asili wa Australia. Kimelea, mwenyeji wake na ndugu zake wote wanapoelekeza upande mmoja, ni vigumu kumpa konokono mmoja uzito wa kupindua ushahidi huo. Hata hivyo sisemi kwamba konokono mkubwa wa Afrika hakuwa na kazi. Alipofika kisiwani aliongezeka kwa wingi, na kwa kuwa mwili wake mkubwa unaweza kubeba maelfu ya lava, mahali ambapo mnyoo angekuwa nadra palijaa maambukizi. Kazi kama hiyo imefanywa China na konokono wa maji baridi kutoka Amerika Kusini, Pomacea canaliculata, aliyeletwa karibu na mwaka 1980 kwa ajili ya kufugwa, akatoroka na kuenea mashambani. Mwaka 2006 watu 160 waliugua Beijing baada ya kula konokono wa aina hiyo ambao hawakuiva.

Vinasaba vilikuja kulipima jambo hili kwa njia nyingine. Sehemu inayosomwa mara nyingi zaidi ni vinasaba vya mitokondria, yaani ule mfuatano mdogo ulio nje ya kiini cha seli, ambao kwa mnyoo huyu una herufi zipatazo 13,500 na jeni 36. Unapendwa kwa sababu tatu: kila seli ina nakala zake nyingi, hivyo hata lava mmoja hutosha, hubadilika haraka kuliko sehemu nyingi za kiini, na hurithiwa kwa mama peke yake bila kuchanganyika, kwa hiyo ukoo wa kike unaweza kufuatwa nyuma kizazi kwa kizazi. Watafiti wengi husoma kipande tu cha jeni moja kati ya hizo, ile iitwayo COI, chenye herufi mia chache. Minyoo wawili wenye mfuatano ule ule huhesabiwa kuwa na haplotipu moja. Wakitofautiana hata herufi moja, ni haplotipu mbili. Kisha haplotipu hupangwa kwa ukaribu wake, na mkusanyiko wa haplotipu zilizo karibu ndio unaoitwa ukoo.

Kanuni inayotumika kutafuta asili ni kwamba mahali ambapo spishi imeishi muda mrefu zaidi, mabadiliko madogo madogo yamepata muda wa kulimbikizana, na haplotipu ni nyingi na zimeachana kwa mbali. Ndivyo ilivyo Thailand, nchi jirani zake, na kusini mwa China, ambako haplotipu hubadilika hata kati ya mikoa inayopakana, na ambako koo zilizotengana sana huishi bega kwa bega. Huko Hawaii, Amerika na Ulaya, haplotipu ni chache, na mara nyingi ni zile zile ambazo tayari zimeonekana Asia ya Mashariki. Brazili ni mfano mzuri wa kuonyesha kwamba uchache huo bado una habari ndani yake. Minyoo wake wa pwani walipochunguzwa kwa COI mwaka 2012, ilibainika kwamba wana haplotipu zaidi ya moja: mojawapo ilikuwa ile ile iliyokwisha kuonekana Japani, na nyingine zilikuwa mpya na hazikuwa za ukoo huo. Maelezo yanayokubalika kwa urahisi zaidi ni kwamba mnyoo aliingia Brazili zaidi ya mara moja na kutoka sehemu zaidi ya moja, jambo ambalo kwa nchi yenye bandari nyingi halishangazi.

Hata hivyo, Mwalimu, kuna mitego, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo makala nyingi za kupasha habari hupita mbio.

Mtego wa kwanza ni wa sampuli. Haplotipu inayoonekana "ya kipekee" katika nchi fulani huenda ni ya kipekee kwa sababu tu nchi jirani haijachunguzwa. Afrika imechangia mifuatano michache mno ukiilinganisha na Thailand peke yake, na kwa hiyo sentensi yoyote inayoanza kwa kusema kwamba Afrika haina ukoo huu au ule huwa naisoma kwa kalamu nyekundu mkononi. Mtego huu una upande wa kimaabara pia. Minyoo waliohifadhiwa kwenye formalini, kama ilivyokuwa desturi katika mikusanyiko mingi ya zamani, husomeka kwa shida kubwa, kwa sababu formalini hukatakata na kugandamanisha vinasaba. Anayewatoa minyoo kwenye mapafu ya panya leo na angependa wafae kwa kazi hii awaweke kwenye ethanoli ya asilimia 95, na ndani ya chupa aweke kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli kikitaja spishi ya panya, mahali na tarehe. Wino huyeyuka kwenye ethanoli, na chupa isiyo na maandishi haina faida kwa mtu yeyote.

Mtego wa pili ni mzito zaidi, nao ni kutegemea urithi wa mama peke yake. Angiostrongylus cantonensis na A. malaysiensis hufanana sana kwa umbo. Wataalamu huwatenganisha wakubwa kwa mambo madogo kama vile urefu wa mbavu za kijimfuko cha dume na kichomozo kidogo kilichoko, au kisichokuwepo, mwisho wa mkia wa jike. Lava wao kwenye konokono hawatenganishiki kwa macho hata kidogo. Utafiti wa kinasaba uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu lava waliotolewa kwenye konokono wa nchi kavu wa Thailand, Laos, Kambodia na Myanmar ulionyesha kwamba spishi hizi mbili zinaishi pamoja katika sehemu kubwa ya eneo hilo. Baadaye, katika wilaya ya Mae Sot mkoani Tak, magharibi mwa Thailand, walipatikana ndani ya konokono lava wa spishi zote mbili kwa pamoja, na pia lava ambao mitokondria yao ilisema jambo moja na kiini cha seli jambo jingine. Hiyo ndiyo alama ya chotara: mama wa spishi moja, baba wa nyingine. Mnyoo wa namna hiyo akisomwa kwa COI peke yake ataandikwa jina la mama yake, na nusu ya asili yake itafichika.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mahali fulani pana "koo mbili" za mnyoo huyu, swali la kwanza la kuuliza ni kama kiini cha seli kinakubaliana na mitokondria. Jenomu ya kiini, yaani jumla ya vinasaba vilivyomo humo, ina mamilioni zaidi ya mia mbili ya herufi, na kwa muda mrefu gharama ya kuisoma yote ilikuwa kubwa mno kwa watu wanaofanya kazi ya minyoo ya panya, ambao hawajawahi kuwa na fedha nyingi. Sasa gharama zimeshuka na picha inarekebishwa pole pole. Mpaka sasa marekebisho hayo hayajaiondoa Asia kwenye nafasi yake ya kuwa chimbuko. Yamebadilisha zaidi namna tunavyochora mipaka kati ya mnyoo huyu na ndugu zake, na binafsi natarajia majina mawili matatu yaliyokuwa yakitumika kwa uhakika yatajadiliwa upya.

Nije kwenye swali lako la tatu. Binadamu humpata mnyoo huyu kwa kumeza lava wa hatua ya tatu, iwe kwa kula konokono, kamba, kaa au chura ambaye hakuiva, iwe kwa mboga mbichi yenye koa mdogo aliyejificha kwenye majani. Kumgusa panya au kumhudumia mgonjwa hakuambukizi, wala kinyesi cha panya hakimwambukizi mtu moja kwa moja, kwa kuwa lava wa hatua ya kwanza hajakomaa kiasi hicho. Ndani ya mwili wa mtu, lava hufuata njia ile ile ya kwenda ubongoni, lakini wengi wao hufia huko, na uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili dhidi yao ndio unaosababisha maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, na ganzi au hisia za kuchomachoma kwenye ngozi. Dalili kwa kawaida huanza kati ya wiki 1 na 3 baada ya kumeza lava. Wengi hupona, wachache hupata ulemavu wa kudumu au hufariki. Kuchemsha kwa dakika 3 hadi 5 au kugandisha kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri kwa saa 24 huwaua lava.

Je, ukoo wa mnyoo hubadilisha ukali wa ugonjwa? Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Taiwan, ambako minyoo wa Pingtung, kusini, na wa Hualien, mashariki, walilinganishwa ndani ya wanyama wa maabara na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014. Minyoo wa Hualien waliambukiza kwa kiwango kidogo zaidi, walichelewa kutoa uzao, na waliua wanyama wachache, na vinasaba vyao vilitofautiana na vya wenzao wa kisiwa hicho hicho. Ni jambo la maana, kwa sababu linaonyesha kwamba tofauti ya kinasaba inaweza kuambatana na tofauti ya tabia. Lakini lisipanuliwe kupita kiasi. Kwa binadamu, idadi ya lava waliomezwa, umri na afya ya mtu, na muda uliopita kabla ya kutibiwa huathiri hali ya mgonjwa kwa namna inayofunika tofauti ndogo za koo, na hakuna daktari anayebadilisha matibabu kwa kuangalia haplotipu.

Hapa ndipo ile tahadhari yangu inapohusika. Mashariki mwa kisiwa cha Hawaii, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwakuta panya zaidi ya 90 katika kila 100 wakiwa na mnyoo huyu, na eneo hilo limetoa wagonjwa mahututi, ingawa minyoo wake wana haplotipu chache. Wachache waliofika walikuta panya wengi, koa vamizi aitwaye Parmarion martensi anayepanda hadi kwenye majani ya mboga, na hali ya hewa ya unyevunyevu na joto. Hawakuhitaji utofauti mkubwa ili wafanikiwe. Kinachowazuia kwingineko zaidi ni baridi, kwa kuwa ukuaji wa lava ndani ya konokono hukwama joto linaposhuka chini ya nyuzi 15 hivi, na ndiyo sababu wanaofuatilia kusogea kwake kuelekea kaskazini huangalia vipimajoto kwa makini kama wanavyoangalia panya.

Mahali ambapo utofauti wa kinasaba una uzito wa moja kwa moja kwa mgonjwa ni kwenye vipimo. Mnyoo mwenyewe haonekani kwa urahisi kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa hiyo maabara hutafuta vinasaba vyake. Kipimo kilichotumika sana tangu mwaka 2010 hulenga kipande cha kiini cha seli kiitwacho ITS1. Kipya zaidi hulenga mfuatano unaojirudia mara nyingi mno ndani ya jenomu, na kwa hiyo hunasa vinasaba vilivyo sehemu ndogo sana ya vile vya lava mmoja. Vipimo vya namna hii hutengenezwa kwa kutumia minyoo iliyoko karibu na mtengenezaji, na herufi moja tu ikibadilika mahali ambapo kipimo hushika, uwezo wake hupungua au hutoweka. Kipimo kilichojaribiwa kwa minyoo wa eneo lenye haplotipu chache kinaweza kufanya kazi bila dosari kwao, kisha kikamkosa mnyoo wa ukoo mwingine au chotara wa Mae Sot. Mgonjwa mwenye eosinofili nyingi kwenye maji ya uti wa mgongo, aliyekula konokono mbichi katika eneo lenye koo nyingi, asiambiwe kwamba hana mnyoo huyu kwa sababu tu kipimo kimoja cha vinasaba kimetoka hasi. Sampuli irudiwe baada ya siku chache, maana mwanzoni mwa ugonjwa vinasaba vya mnyoo huenda bado ni haba kwenye maji hayo, na maabara iulizwe kipimo chake kilithibitishwa kwa minyoo wa wapi.